Mashine ya Tepu ni Saa Kwanza

Wageni wanaoingia chumbani kwangu na kuziona mashine za rili huuliza karibu wote swali moja: "Mzee, kweli sauti ya tepu inaishinda ya kompyuta?" Swali halina ubaya, ila mimi na mashine hizi tulikutana kazini, na huko uzuri wa sauti ulikuja baadaye sana. Jambo la kwanza lilikuwa mwendo. Tepu inakimbia kwa kasi gani, na nani amethibitisha? Fundi aliyekuwa na jibu aliendelea na kazi yake. Asiyekuwa nalo alimwona waziri kwenye picha amekwisha kufunga mdomo, na hotuba bado inaendelea.

Kazi yangu ni kuvisha picha sauti. Niliianza Nairobi katika miaka ya 1980, baada ya kupita KIMC, chuo cha mawasiliano kilichoanzishwa 1961 kufundisha mafundi wa utangazaji. Kampuni iliyoniajiri ilitengeneza makala za video, matangazo ya biashara na filamu za mafunzo. Wateja hawakukosekana, maana Nairobi ndiko yaliko makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na ofisi za mashirika mengi yaliyotaka makala moja itoke kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Siku hizi kazi imegeuka: napokea tepu za zamani zinazotakiwa kuingia kwenye filamu mpya. Mashine ni zile zile. Acha nizisemee, kwa maana naona watu wanazisifu kwa jambo dogo na kuzitupa kwa kutolijua lililo kubwa.

Traki mbili hazitoshi

Kijana aliyezaliwa na simu mkononi huenda akashangaa kwa nini mtu wa video alihitaji mashine ya tepu hata kidogo. Si video ina sauti yake? Inayo, lakini haba. Mkanda wa U-matic, ambao Sony waliuingiza sokoni 1971, una traki mbili tu za sauti. Mpiga picha amerudi kutoka Turkana na tayari amezijaza kwa maikrofoni yake. Sasa mwongozaji anataka msimulizi, anataka muziki, anataka upepo na kengele za mbuzi, na bado yule mama anayehojiwa asikike neno kwa neno. Ukisema unakili mkanda juu ya mkanda ili uchanganye kidogo kidogo, kila nakala inaongeza mchakacho kwenye sauti na picha inazidi kufifia.

Betacam SP ilipokuja, mwaka 1986, ilituletea traki nne, tukafurahi, kisha tukagundua mtego wake. Mbili kati ya hizo nne zimenaswa ndani ya ishara ya picha yenyewe. Sauti yake ni safi sana, lakini huwezi kuibadilisha bila kuifuta picha iliyo juu yake. Kwa hiyo kwa mhariri wa sauti zilizobaki ni mbili zile zile za zamani.

Dawa ilikuwa kuitoa sauti kwenye video kabisa. Tulihamisha sauti ya awali kwenda kwenye mashine yenye traki nyingi, tukajenga kila kitu huko, tukachanganya, kisha tukaurudisha mchanganyiko kwenye mkanda mkuu bila kuigusa picha. Kwetu mashine hiyo ilikuwa Otari MX-5050 ya traki 8, inayotumia tepu ya nusu inchi. Kando yake palikuwa na Revox B77 mbili za robo inchi kwa ajili ya muziki na milio, na Nagra, rekoda za kubebeka, zilizorudi kutoka safarini na vumbi lake.

Traki nane nazo hazikuwa nane. Ile ya nane, ya ukingoni, ilibeba taimukodi, yaani namba za saa ambazo nitazieleza. Taimukodi ni mlio wa kukwaruza wenye tabia ya kupenya kwa jirani, kwa hiyo traki ya saba tuliiacha tupu, au tukaiwekea kitu cha makelele ambacho kingeuficha. Zilibaki sita. Moja ya mahojiano, moja ya msimulizi, mbili za muziki, mbili za mazingira na milio. Ukitaka ya saba, lazima uamue sasa hivi ni zipi mbili utazichanganya ziwe moja, na ukishazichanganya huzitenganishi tena. Uamuzi wa namna hiyo tuliufanya mara nyingi kwa siku, mwongozaji akiwa ameketi nyuma yetu na kikombe cha chai.

Mashine mbili, saa mbili

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Filamu ya milimita 16 ina matundu pembeni. Sauti ya filamu ilihamishiwa kwenye utepe wa sumaku wenye matundu hayo hayo, na kwenye meza ya kuhariria meno ya gurudumu yaliikokota picha na sauti kwa pamoja. Haziwezi kupishana; chuma kimezishika. Tepu ya kawaida haina tundu hata moja. Inasukumwa na msuguano tu, kati ya kijiti cha chuma kinachozunguka, kapstani, na rola ya mpira inayoikandamiza. Mpira ukichakaa, tepu inateleza. Tepu ikivutika, mwendo unabadilika. Rili ikikaribia kwisha, uzito si ule wa mwanzo.

Chukua mashine mbili zinazopishana kwa asilimia 0.1, tofauti ambayo hakuna sikio litakaloitambua kwenye muziki. Mtazamaji huanza kuhisi kasoro sauti ikiachana na mdomo kwa fremu mbili hivi, yaani sekunde 0.08 katika mfumo wetu wa fremu 25. Kwa tofauti ile ndogo, sekunde hizo 0.08 zinafika baada ya dakika moja na sekunde 20. Mwisho wa makala ya nusu saa, sauti imeachwa nyuma karibu sekunde mbili. Ndiyo maana nasema uzuri wa sauti ulikuja baadaye. Ukiwa na sauti ya dhahabu iliyochelewa sekunde mbili, huna kitu.

Suluhisho lilikuja kwa hatua. Stefan Kudelski, Mpolandi aliyekulia uhamishoni na kuishi Uswisi, alitoa Nagra yake ya kwanza 1951. Nagra za filamu zilizofuata zilinasa, pamoja na maneno ya mtu, mlio mwembamba wa hezi 50 uliotoka kwenye kamera au kwenye saa ya kristali. Mlio huo haukukusudiwa kusikiwa. Kazi yake ilikuwa kushuhudia: wakati wa kunakili, fundi aliulinganisha na hezi 50 za kweli, na mashine ikaharakishwa au ikapunguzwa mpaka zilingane. Tepu ilikuwa imebeba saa yake mwilini.

Kisha ikaja taimukodi, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila fremu ya picha hupewa anwani yake: saa, dakika, sekunde, fremu. Anwani moja ni biti 80, na kwa fremu 25 zinapita biti 2,000 kila sekunde, zikiwa zimegeuzwa kuwa mlio unaoweza kunaswa kama sauti nyingine yoyote. Kabla ya kazi tulikaa kwanza na kuipiga tepu tupu taimukodi mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo sinkronaiza, vifaa kama Lynx ya TimeLine au Zeta-Three ya Adams-Smith, ilisoma namba za video kwa jicho moja na za tepu kwa jicho la pili, ikaiamuru mota ya kapstani iongeze au ipunguze mwendo mpaka namba zilingane. Video ilikuwa bwana, tepu mfuasi.

Mfuasi huyo alihitaji nafasi ya kukimbia. Taimukodi ya tepu haisomeki mashine ikiwa imesimama, kwa hiyo huwezi kuianzisha kazi palepale unapopataka. Tulirudisha nyuma sekunde kumi hivi, tukabonyeza, tukasikia Otari ikinguruma, ikipita mbele, ikijirudi, halafu taa ya kijani ikawaka: zimeshikana. Hapo ndipo msimulizi alipopewa ishara. Wasimulizi wazuri walikuwa wanavuta pumzi wakati ule wa kungoja, wakaanza wakiwa wametulia. Wageni walianza mapema, tukarudi tena nyuma.

Simulizi ya Kiswahili ilikuwa na shida yake mahususi. Makala iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza, picha zikakatwa kufuata Kiingereza hicho, ikitafsiriwa huwa ndefu zaidi kinywani. Picha haingoji. Tulikaa na mtafsiri, tukaisoma sentensi kwa sauti huku namba zikikimbia kwenye kioo, tukaipunguza mpaka ikaingia kati ya fremu ya kuanzia na fremu ya kumalizia. Traki za muziki na mazingira hazikuguswa, na hiyo ndiyo ilikuwa faida ya kuzitenga: makala ile ile ilivalishwa lugha tatu juu ya mandhari moja.

Muda uliopimwa kwa rula

Rili ya inchi kumi na nusu hubeba futi 2,500 za tepu, yaani mita 762. Kwa mwendo wa sentimita 38.1 kwa sekunde inakwisha baada ya dakika 33 na sekunde 20. Makala ya nusu saa ilienea kwenye rili moja na mkia mdogo ukabaki. Makala ya saa nzima ilikuwa rili mbili, na mahali pa kubadilishia palichaguliwa kwa makini, kwa kawaida kwenye mkato wenye kimya.

Kwa mwendo huo huo, fremu moja ya picha ni sentimita moja na nusu ya tepu. Ukimwambia kijana wa leo kwamba tulikata sauti kwa wembe atadhani tulikuwa tunakisia, kumbe tulipima kama fundi cherehani. Mlio wa mlango umetangulia picha kwa fremu nne? Ongeza sentimita sita za tepu tupu mbele yake. Msimulizi amevuta pumzi kwa nusu sekunde katikati ya jina la mtu? Ni sentimita 19, zitoe. Unaizungusha rili kwa mkono, sauti inanguruma taratibu kwenye spika, unasikia herufi inapoanza, unaweka alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa tepu, unailaza kwenye kitalu, unakata kwa mshazari, unaunganisha kwa gundi yake maalumu. Mkato wa mshazari husaidia sauti moja kuingia katika nyingine bila kishindo.

Hilo lilitufundisha adabu ambayo sijaiona ikifundishwa kwa njia nyingine. Ulisikiliza kabla ya kukata. Kipande ulichokitoa hukukitupa. Ulikining'iniza ukutani na kukiandikia jina mpaka kazi ikabidhiwe. Na kwa kuwa kila jaribio lilikuwa na gharama ya kurudisha nyuma na kungoja mashine zishikane, ulikuwa umeshaamua kichwani unachokitaka kabla mkono haujagusa kitufe.

Jenereta ya 48

Sasa niingie kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo tepu nyingi za kwetu zinapowadanganya watu.

Mashine nyingi za rili za zamani zilikuwa na mota inayofuata mapigo ya umeme wa mkondo. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na mota ilizunguka kwa hesabu hiyo. Baadaye zikaja zinazojipima zenyewe, kama Revox A77 ya 1967, ambazo hazijali sana mkondo unafanya nini. Lakini kwenye vituo, makanisani, vyuoni na ofisini, zile za kwanza ziliendelea kufanya kazi miaka mingi. Umeme ukikatika, jenereta ikawashwa. Jenereta ikielemewa na mzigo hupunguza mwendo: hezi 50 zinakuwa 48. Taa hazioneshi tofauti yoyote. Mashine ya tepu nayo imepunguza mwendo kwa asilimia 4, na mtu anaendelea kurekodi kwaya au hotuba bila habari.

Tepu hiyo ikichezwa leo kwenye mashine iliyopimwa vizuri, inakwenda mbio. Tukio lililochukua dakika kumi linakwisha sekunde 24 kabla ya wakati. Sauti za wazee zinakuwa za vijana. Vijana wengi wa studio hukimbilia kuutafuta mvumo wa umeme ulionaswa kwa bahati mbaya kwenye tepu, wakiamini kwamba ukiwa hezi 50 basi mwendo ni sahihi. Hapo ndipo penye mtego. Mvumo ulikuwa 48 siku ile, lakini mashine nayo ilikuwa imepungua kwa kiasi hicho hicho. Ukiicheza kwa mwendo sahihi, mvumo unapanda na kusoma 50 kamili. Unakuapia kwamba kila kitu ni sawa, na kila kitu si sawa. Mvumo huwa shahidi wa kuaminika pale tu mashine ilipokuwa na mwendo wake yenyewe, ama kwa betri ama kwa kujipima.

Kwa hiyo natafuta shahidi asiyetegemea umeme wa chumba kile. Kinanda kilichopigwa kwa sauti ya kawaida ni shahidi wa wastani. Kinaweza kuwa kilipotoka chenyewe. Picha ya tukio lile lile ni shahidi mzuri. Shahidi bora niliyewahi kukutana naye ni vile vipigo sita vya saa vya BBC, pale tepu iliponasa matangazo yaliyopokezwa kutoka London. Kila kipigo ni hezi 1,000, na kutoka mwanzo wa kimoja hadi mwanzo wa kingine ni sekunde moja. Tepu ya jenereta ya 48 itavisoma kama hezi 1,042 hivi. Napunguza mwendo mpaka nipate 1,000, na wazee wanarudi umri wao.

Walichokiita uchafu

Wateja wangu wa leo ni watengenezaji wa filamu za hali halisi, familia za wanamuziki, na taasisi zilizokuta makasha ya tepu stoo. Ombi lao la kwanza ni moja: "Tusafishie makelele." Nawaomba wangoje.

Mhariri mmoja aliniletea picha za filamu ya milimita 16 zilizoskaniwa vizuri, pamoja na faili ya sauti iliyotolewa kwenye tepu ya Nagra mahali pengine. Havikushikana. Kila sekunde chache aliikata sauti na kuisogeza, akaichoka. Nikamuuliza, "Faili hii imeshaguswa?" Akasema, "Hapana, walitoa tu ule mvumo wa umeme uliokuwa chini yake." Mvumo ule ulikuwa ndiyo saa. Mlio wa hezi 50 wa Nagra za mtindo ule unanaswa katikati ya tepu katika vijistari viwili vilivyopingana awamu. Hedi inayosoma upana wote wa tepu huvifuta kwa kujumlisha, kwa hiyo husikii kitu. Hedi ya stirio, yenye pande mbili, inaweza kuvigusa kila kimoja upande wake, na hapo unausikia kama mvumo wa kawaida. Aliyeisafisha alifanya kazi safi kabisa, na kwa usafi huo akaing'oa saa.

Bahati tepu yenyewe ilikuwapo. Niliicheza upya kwa hedi ya stirio, nikageuza awamu ya upande mmoja na kuzijumlisha pande mbili: maneno, yaliyo sawa kulia na kushoto, yakafutana, na mlio wa saa ukabaki peke yake. Huo ndio ulioongoza kompyuta kunyoosha mwendo. Lililobaki lilikuwa upande wa picha. Kamera ilipiga fremu 24 kwa sekunde, na skana iliitoa filamu kwa 25, haraka zaidi kwa asilimia 4 na ushee. Tulipokubaliana picha irudi 24, midomo na maneno vilikutana vyenyewe, bila mkato.

Kabla ya kufika huko, tepu yenyewe hukaguliwa. Nainusa kwanza. Harufu ya siki inanijulisha kwamba ni ya asetati na imeanza kuoza. Hiyo haipashwi moto kamwe. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika unga wa sumaku imefyonza unyevu wa hewa, na tepu inanata. Ukiicheza inalia kwa kukwama, na unga wa kahawia unabaki kwenye hedi. Unga huo ndio sauti. Tepu za aina hiyo huokwa taratibu kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 54 hivi, tiba ambayo kampuni ya Ampex yenyewe iliisajili kama hataza. Zikipoa zinachezeka kwa muda, na huo ndio wakati wa kunakili. Kwa pwani yetu yenye unyevu, stoo isiyo na hewa kavu inauharakisha ugonjwa huu.

Kisha nailinganisha hedi na tepu. Kwenye tepu ya sentimita 19 kwa sekunde, wimbi moja la hezi 10,000 lina urefu wa milimita 0.019 tu. Hedi ikiinama kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ukingo mmoja wa tepu unasomwa kabla ya mwenzake, na zile sauti za juu, "s" na "sh" za msemaji, zinafutana. Watu huisikia sauti hiyo yenye ukungu na kusema, "Aa, ndiyo sauti ya zamani." Sauti ya zamani haikuwa na ukungu. Waliorekodi tepu zile redioni walikuwa mafundi wa kweli, na maikrofoni zao zilikuwa nzuri. Geuza bisibisi robo ya robo ya mzunguko, usikie yule mtangazaji akisogea mbele na kusimama mbele yako.

Na huo "ujoto" je?

Nisionekane nalikwepa swali la wageni wangu. Ndiyo, tepu inabadilisha sauti. Ukiijaza kupita kiasi, vilele vya mawimbi vinalainika badala ya kukatika, na ngoma inapata unene fulani. Wako waongozaji wanaoniomba nipitishe mchanganyiko wao uliokamilika kwenye Revox, dakika chache tu, kisha uingie kwenye video. Ninafanya. Wengine wanapenda matokeo, nami wakati mwingine nayapenda. Lakini mashine isiyopimwa haitoi ujoto, inatoa hasara. Nimeletewa kazi iliyopitishwa kwenye mashine yenye hedi iliyolika, imepoteza nusu ya uhai wake wa juu, na mwenye kazi anaisifu kwa kuwa aliambiwa ndivyo tepu inavyosikika. Zaidi ya hayo, zamani tulitumia fedha nyingi kuipunguza sauti ya tepu yenyewe. Dolby A ya miaka ya 1960 na Dolby SR ya 1986 zilinunuliwa ili mchakacho wa tepu usisikike.

Kompyuta zilipoingia vyumbani mwetu katika miaka ya 1990, mashine nyingi ziliuzwa kwa bei ya chuma. Sikulia. Kuhariri kulikuwa kwepesi na mwendo ulisimamiwa na saa moja ya kristali. Ajabu ni kwamba hata sauti ya kidijitali ilizaliwa kwenye mkanda wa video: zile sampuli 44,100 kwa sekunde za diski ya CD zilichaguliwa kwa sababu ziligawanyika sawasawa kwenye mistari ya picha ya U-matic, sampuli tatu kwa mstari, mistari 294, mara 50 kwa sekunde. Saa ya picha ndiyo iliyoitawala sauti, kama ilivyotutawala sisi.

Kinachonisumbua ni kilichobaki kwenye makasha. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi za nchi nzima kwa miongo mingi. Mashirika mengine ya utangazaji ya kanda hii nayo yana rafu zake. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kuhusu tepu za sumaku, na mwaka uliotajwa kama ukingo ulikuwa 2025. Sababu waliyoieleza ni ile ile ninayoiona kazini: tepu nyingi bado zinaweza kuchezwa, ila mashine, vipuri na watu wanaojua kuzipima wanatangulia kwisha. Rola za mpira zinapasuka. Hedi mpya ni adimu na ghali. Na kila mara ofisi inapohama, mashine ya rili ndiyo ya kwanza kwenda jaani, huku makasha ya tepu yakihifadhiwa kwa heshima kabatini, kufuli lipo na ufunguo umetupwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa uko kwenye kituo, chuo, kanisa, msikiti au nyumba yenye tepu za zamani, nakuomba mambo machache. Usiicheze tepu ili "kujaribu tu". Mchezo mmoja kwenye mashine mbaya unaweza kuwa wa mwisho. Usitupe kasha, maana maandishi ya fundi aliyeyaandika siku ile, mwendo, aina ya mashine, traki ngapi, yana thamani sawa na tepu. Usimruhusu mtu asafishe chochote kabla hujapata nakala mbichi yenye kila kitu, mvumo na mikwaruzo ikiwamo. Na ukiwa na mashine ya rili isiyofanya kazi, mpe fundi anayezijua hata bure, kwa sababu mota yake au hedi yake inaweza kuifufua nyingine. Kusafisha sauti kunaweza kungoja miaka ishirini, na programu za kusafishia zinazidi kuwa bora. Kuisoma tepu kwa mwendo wake wa kweli hakungoji.